Sifa za wasomaji wageni zinanifurahisha kuliko za wenyeji wangu. Je, ninakosea?

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Tanga. Nina umri wa miaka 38 na watoto wawili. Mchana ninashona nguo katika kibanda changu karibu na soko, na usiku, watoto wakishalala, ninaandika hadithi za mapenzi. Nilianza miaka sita iliyopita kwa kutuma sehemu moja moja katika kundi la WhatsApp, na msomaji aliyetaka kufika mwisho alinitumia shilingi 2,000 kwa simu. Wasomaji wangu wengi ni wanawake: wauza maduka, wauguzi wa zamu ya usiku, mama wa nyumbani, wanafunzi wa vyuo. Mwaka jana, baada ya kudunduliza kwa muda mrefu, nilipeleka moja ya hadithi hizo kwa mpiga chapa, ikawa kitabu cha kushikwa mkononi, nakala 500.

Hadithi yenyewe inamhusu binti anayeuza chai na mahamri kwenye stesheni ya Korogwe, zama zile treni ya abiria ilipokuwa ikipita usiku, na kijana fundi wa reli ambaye kila akiondoka huahidi kurudi. Ni hadithi ya mapenzi tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na sikuipa jina lingine. Jalada lina picha ya mwanamume na mwanamke, nami nilidhani kwamba picha hiyo peke yake ingetosha kuwakimbiza watu wa aina fulani.

Haikuwakimbiza. Miezi mitatu baada ya kitabu kutoka, mteja wangu mmoja alileta gauni la kupunguzwa kiuno na pamoja nalo akanikabidhi bahasha iliyotoka kwa babu yake. Mzee huyo alifanya kazi reli mpaka alipostaafu. Alikuwa ameandika karatasi mbili za daftari, mbele na nyuma, kwa wino wa bluu. Alianza kwa kusema kwamba maishani mwake hajawahi kusoma hadithi ya mapenzi, na kwamba alikichukua kitabu cha mjukuu wake kwa sababu tu aliona neno "stesheni" katika ukurasa wa kwanza. Kisha akanisahihisha. Katika sura ya nne nimeandika kwamba mkuu wa stesheni alipeperusha bendera ya kijani ili treni iondoke, ilhali ilikuwa saa nane ya usiku, na usiku bendera haionekani. Hutumika taa ya mkono. Baada ya masahihisho hayo akaandika sentensi ambayo nimeikariri: "Niliingia kwa ajili ya reli, nikabaki kwa ajili ya yule binti, na alipofunga chupa yake ya chai bila kusema neno, nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo."

Shangazi, nililia nikiwa nimekaa kwenye cherehani, na mteja akadhani nimepata taarifa ya msiba.

Baadaye wakafuata wengine. Mwalimu mmoja wa madrasa, ambaye alikichukua kitabu ili ajue mkewe anasoma nini, alinitumia salamu kupitia kwa mke huyo kwamba hadithi ina stara na kwamba angependa kujua kama mama wa kijana alikuja kuridhia ile ndoa kwa moyo safi au kwa kuogopa maneno ya watu. Fundi mmoja wa kompyuta, ambaye husoma riwaya za upelelezi tu, aliniandikia ujumbe mrefu akieleza kwamba tangu sura ya tatu alikuwa akimshuku yule rafiki wa binti, na kwamba nilimpoteza njia mpaka sura ya kumi na moja, jambo ambalo, kwa maelezo yake, waandishi wachache wa upelelezi wameliweza.

Furaha niliyoipata kutokana na maneno ya watu hawa watatu siwezi kuilinganisha na kitu. Barua ya mzee ninaitembeza ndani ya mkoba, na imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Na hapo ndipo penye tatizo langu. Wasomaji wangu wa siku zote wameniandikia pia, tena kwa makumi: "Nimelia sana dada," "Umetisha," "Lete nyingine." Nao ninawajibu kwa alama ya moyo, basi. Mmoja wao, ambaye yuko nami tangu hadithi ya kwanza na hajawahi kuchelewa kulipa hata mara moja, aliniambia wiki iliyopita, bila ugomvi: "Siku hizi sisi hutuoni." Maneno hayo yamenikaa kifuani.

Isitoshe, yule mpenzi wa upelelezi amenishauri kwamba katika hadithi ninayoiandika sasa nimuue shujaa wa kike, au angalau niwatenganishe wapenzi wale moja kwa moja, ili watu wenye akili zao wanichukulie kwa uzito. Ameniandikia hivi: "Wewe si mwandishi wa mapenzi, wewe ni mwandishi." Sentensi hiyo ilinipandisha mbinguni siku mbili. Nimekwisha kuandika upya sehemu tatu za mwisho nikifuata ushauri wake, lakini bado sijazituma, kwa sababu kila nikizisoma mkono unakuwa mzito. Binamu yangu ananiambia kwamba hii ni njaa ya sifa, na kwamba mtu mzima haifai afurahie kupigiwa makofi na watu ambao kesho hawatanunua kitabu chake.

Naomba unisaidie, Shangazi. Je, furaha yangu ni kosa? Na hadithi hii niimalizeje?

Mwandishi wa mapenzi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya kwanza niliisoma kwa haraka kwa sababu nilitaka kujua kilichomkuta yule binti wa chai. Nianze na binamu yako, ili tumalizane naye mapema. Amekosea. Njaa ya sifa ni ya mtu ambaye hajali anasifiwa kwa lipi, na wewe umenieleza kwa makini sana umesifiwa kwa lipi na nani: chupa ya chai iliyofungwa kimya kimya, mama mkwe ambaye ridhaa yake ina walakini, rafiki ambaye uongo wake haukuonekana kwa sura nane. Hayo ni mambo ya kazi. Fundi cherehani akiambiwa na mtu asiyevaa magauni kwamba mshono wa bega umekaa sawa, ana haki ya kufurahi, na furaha hiyo ina sababu yake.

Sababu ni hii. Msomaji wako wa siku zote anakuja kwako akiwa tayari ana hamu. Anaipenda aina ya hadithi unayoandika, anazijua desturi zake, na pale unapolegea kidogo anakubeba, kwa kuwa anajua unakompeleka na anataka kufika. Mzee wa reli hakuwa na hamu hiyo. Hakuwa anakungoja. Alikuja kutafuta stesheni, na angeweza kukifunga kitabu mara tu alipoliona kosa la bendera, kwa sababu mtu aliyefanya kazi hiyo akikuta bendera saa nane ya usiku humjua mwandishi kuwa ni mgeni wa mambo ya reli. Hakukifunga. Maana yake ni kwamba kuna kitu katika maandishi yako kilichomshika mtu ambaye hakuja kushikwa, na hilo ni jambo ambalo wasomaji wako waaminifu, kwa mapenzi yao yote, hawawezi kukuthibitishia. Furahi nalo. Mimi ningelifurahia.

Wala si wewe wa kwanza. Nitakusimulia habari za mwanamke mmoja wa Uingereza, kwa sababu mambo yake yanafanana na yako mpaka nikashangaa. Jane Austen aliandika riwaya za mabinti wa shamba wanaotafuta waume, na mwishoni mwa mwaka 1815 ilitoka riwaya yake iitwayo Emma. Mapema mwaka 1816 jarida moja kubwa la London, Quarterly Review, lilichapisha uhakiki mrefu wa riwaya hiyo bila jina la aliyeuandika. Aliyeuandika alikuwa Walter Scott, mtunzi aliyepata sifa kwa tenzi za vita na mashujaa wa Uskoti, yaani mtu wa farasi na panga, mbali kabisa na vikombe vya chai vya Austen. Inafaa ujue jinsi alivyouanza uhakiki huo: alisema kwamba usomaji wa riwaya ni mojawapo ya yale mazoea ambayo watu wengi wanayo na hawapendi kuyakiri, wakisoma kwa siri. Mzee wako alikichukua kitabu cha mjukuu. Mwalimu wa madrasa alikichukua cha mkewe. Miaka mia mbili imepita, na bado mwanamume hukifikia kitabu cha mapenzi kwa kupitia mkono wa mtu mwingine.

Miaka kumi baadaye, tarehe 14 Machi 1826, Scott aliandika katika shajara yake kwamba amemaliza kusoma riwaya nyingine ya Austen kwa angalau mara ya tatu, na akakiri kwamba yale mambo makubwa yenye vishindo anaweza kuyaandika yeye mwenyewe kama mwingine yeyote, lakini ule mkono mwepesi unaofanya watu wa kawaida na mambo ya kawaida yapendeze, hakujaliwa nao. Austen hakuyaona maneno hayo, kwa kuwa alifariki mwaka 1817. Lakini ule uhakiki wa kwanza aliusoma, na jibu lake linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Tarehe 1 Aprili 1816 alimrudishia mchapishaji wake jarida lile pamoja na barua fupi, akisema kwamba mwandishi wa Emma hana la kulalamikia, isipokuwa kwamba mhakiki ameiacha kabisa Mansfield Park, riwaya yake iliyotangulia, bila kuitaja. Sifa alizipokea, akashukuru, na papo hapo akaona kilichokosekana. Hakuzibeba kama hirizi.

Sasa sikiliza na hili, kwa maana hapa ndipo linapoingia suala la yule fundi wa kompyuta. Siku hiyo hiyo, 1 Aprili 1816, Austen aliandika barua nyingine. Mtunza maktaba wa mtawala wa Uingereza wa wakati ule alikuwa amemsifu sana, kisha akamshauri aandike riwaya ya kihistoria kuhusu ukoo mmoja wa kifalme wa Ulaya, kitu kizito, cha heshima, ambacho kingempa hadhi. Alimjibu kwa adabu kwamba hawezi kukaa chini akaandika kitu cha aina hiyo kwa sababu yoyote isipokuwa kuokoa uhai wake, na kwamba hana budi kushika mtindo wake mwenyewe na kuendelea na njia yake mwenyewe. Yule bwana alimtakia mema. Tatizo ni kwamba alikipenda kitabu, kisha akataka kinachofuata kiwe kitu kingine.

Fundi wako naye anakutakia mema, sina shaka. Hata hivyo, nataka uitazame upya ile sentensi iliyokupandisha mbinguni: "Wewe si mwandishi wa mapenzi, wewe ni mwandishi." Ni sifa inayokuinua kwa kukutoa nyumbani kwenu. Ndani yake kuna dai kwamba waandishi wa mapenzi si waandishi, na kwamba wewe umeonekana kuwa mmoja kwa kuwa hufanani nao. Mtu akimwambia bibi harusi kwamba yeye ni mzuri, si kama dada zake, bibi harusi mwenye moyo hawezi kushukuru kwa raha, maana dada zake wanasikia. Katika habari yako dada hao ndio wasomaji wa lile kundi, ambao kwa miaka sita wamekuwa wakisoma mapenzi na kujua, kabla ya fundi huyu kujua, kwamba humo mna uandishi.

Lugha yetu wenyewe haijawahi kuyaona mapenzi kuwa jambo la pembeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya siasa na vita wakati wa ugomvi wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Oman, na kwa kalamu hiyo hiyo akatunga ya mahaba, na hakuna anayesema kwamba alikuwa mshairi katika yale na si mshairi katika haya. Aibu ya kusoma mapenzi tumeipata baadaye, na sehemu yake imetokana na kuchanganya hadithi za mapenzi na machombezo yanayouzwa kwa kujificha. Nami niliionja. Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa nikificha riwaya ya mapenzi ndani ya daftari kubwa la maandalio ya somo, na mwalimu mwenzangu akipita nilijifanya ninapanga kazi ya wiki. Leo ninasikitika kwamba sikuwahi kumwandikia hata mmoja wa wale waandishi kumwambia kwamba alinifaa.

Tuje kwenye mwisho wa hadithi. Usimuue shujaa wa hadithi yako mpya, na usiwatenganishe wapenzi wale, ikiwa sababu pekee ni ushauri wa fundi. Riwaya ya mapenzi ina ahadi, na ahadi hiyo inajulikana kwa wanaoinunua. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliitaja aina hii kwa mambo mawili tu: penzi liwe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha moyo na wenye matumaini. Wanawake wanaokutumia shilingi 2,000 hawajawahi kukiona kifungu hicho, lakini wanakijua kama wanavyojua kwamba harusi ina wali. Muuguzi anayekusoma saa tisa ya usiku katikati ya zamu ameona vifo vya kweli usiku huo huo. Alikulipa ili apate mahali ambapo watu wawili wanateseka na bado wanafika. Kumuua shujaa katika sehemu ya mwisho ili wageni wakuone mzito ni kuchukua pesa ya muuguzi na kumnunulia fundi zawadi.

Muulize fundi swali moja, kwa upole. Muulize angefanya nini kama riwaya ya upelelezi ingefika ukurasa wa mwisho bila kumtaja muuaji, kwa madai kwamba katika maisha ya kweli wauaji wengi hawakamatwi. Nadhani angekitupa kitabu ukutani. Aina yake ina ahadi kama yako, na hakuna anayesema kwamba kwa kuitimiza mwandishi wa upelelezi amekosa akili. Ugumu wa kazi uko katika kumfanya msomaji ahofie kwamba ahadi haitatimia, huku akijua kwamba itatimia, na hilo ndilo ulilolifanya kwenye ile chupa ya chai. Mzee wa reli hakutoka nje kupunga upepo kwa sababu mtu alikufa. Alitoka kwa sababu mtu alifunga kifuniko na kunyamaza.

Umesema kwamba kila ukizisoma sehemu zile tatu mkono unakuwa mzito. Uamini mkono huo. Umeshona miaka mingi, na unajua jinsi kitambaa kinavyovuta pale ulipokikata kinyume na uzi wake. Kama siku moja itakujia hadithi ya huzuni kwa nguvu zake yenyewe, iandike, na mwambie msomaji wazi kwenye jalada au katika tangazo la kundi kwamba safari hii si ile waliyoizoea, ili anayelipa ajue anacholipia.

Tatizo lako kubwa, kwa maoni yangu, ni yule mama aliyesema "Siku hizi sisi hutuoni." Yeye ni mhakiki wako pia, na uhakiki wake ni mfupi kuliko wote na ni wa kweli kuliko wote. Umemjibu mzee kwa machozi na yeye kwa alama ya moyo. Ninaelewa kwa nini. Mzee aliandika karatasi mbili na yeye aliandika "Nimelia sana dada." Lakini mzee alikuwa anaeleza kitu kipya kwake, na mgeni ndiye anayeeleza njia nzima aliyopita, mwenyeji husema tu kwamba amefika. Maneno yake mafupi yana habari nyingi ambazo hujamuomba akupe. Mpigie simu, usimwandikie. Mwombe radhi bila kujieleza sana, kisha muulize swali mahususi: ni wapi katika hadithi aliiweka simu chini? Ni sehemu gani aliirudia? Kuna mahali alichoka na hakukuambia? Msomaji aliyepitia hadithi zako zote kwa miaka sita anajua mambo ambayo mzee wa reli hawezi kuyajua hata akikusoma kwa darubini: anajua kwamba umelitumia tukio la mvua mara nne, kwamba mama wakwe zako wote wana sauti moja, kwamba katika hadithi ya pili uliwahi kuthubutu jambo ambalo hukulirudia tena. Mgeni anakupima kwa kitabu kimoja, na huyu anakupima kwa wewe ulivyokuwa jana.

Austen alikuwa na desturi ambayo ningependa uichukue. Alikusanya na kuandika kwa mkono wake maoni ya watu kuhusu riwaya zake mbili, Mansfield Park na Emma: ndugu, majirani, marafiki, watu wa mbali, wote katika orodha moja, mazuri na mabaya bila kuyapamba. Humo ameandika kwamba Jeffrey, mhakiki maarufu wa jarida la Edinburgh Review, alikeshwa na Emma siku tatu. Na humo humo ameandika kwamba bwana mmoja alisoma sura ya kwanza na ya mwisho tu, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kitabu hakipendezi. Wote wawili wamo katika orodha ile, kila mmoja na mstari wake.

Nunua daftari la namna hiyo. Ile barua inayochanika kwenye mikunjo itoe ndani ya mkoba, iweke ndani ya plastiki, ihifadhi, kwa kuwa ni mali. Lakini maneno yake yanakili kwenye daftari, na chini yake yaandike ya mama wa kundi, kisha ya mwalimu wa madrasa, kisha ya yule aliyesema "Umetisha," ukieleza alikuwa anasema kuhusu sehemu gani. Yakikaa pamoja utaanza kuona mambo. Sitashangaa ukikuta kwamba mzee na wale wanawake wamelilia ukurasa mmoja. Swali la mwalimu kuhusu mama mkwe, kwa mfano, mimi naliona kuwa la maana kuliko sifa zote ulizonitajia, kwa sababu ameligusa jambo ambalo huenda hukuliamua mwenyewe wakati unaandika. Yule mama aliridhia kwa moyo au kwa kuogopa maneno ya watu? Ukilijua jibu, utajua pia mazungumzo yake katika sura za mwisho yanahitaji neno gani moja la kuongeza au kuondoa.

Ukifikia kuchapisha upya, utataka kuweka maneno ya wasomaji nyuma ya jalada. Waombe ruhusa kwanza. Weka sentensi ya mzee kuhusu reli na binti, maana ni nzuri mno kufichwa, na juu yake weka ya mama wa kundi. Neno la fundi kwamba wewe si mwandishi wa mapenzi usiliweke kabisa. Likikaa pale litawaambia wanunuzi wako kwamba unawaonea haya.

Na kabla mpiga chapa hajawasha mashine, fungua sura ya nne uondoe bendera uweke taa ya mkono. Mpelekee mzee nakala, ukiwa umeweka kipande cha uzi wako wa kushonea kwenye ukurasa huo, aukute bila kuutafuta. Zile sehemu tatu ulizozivuruga zirudishe zilivyokuwa, na zikiwa tayari, mtumie kwanza yule mama wa kundi kabla ya mtu mwingine yeyote, usiku, wakati anaokusomea, umwambie kwamba ni yeye wa kwanza kuziona.

Shangazi